Punje Zilizovaa Nguo Nyekundu

Shule ya Misheni, juu ya Mbalizi
Jumapili, 7 Februari 1954

Baba yangu mpendwa,

Upokee salamu za Bibi, za Jailos na zangu. Sisi ni wazima, ila mvua haitupi nafasi na chakula kimeanza kupungua. Bibi amenikataza nisikuandikie habari za chakula maana utaingiwa na wasiwasi huko Mufindi, kwa hiyo sikuandikii.

Nina habari kubwa. Mwezi wa tatu kuna maonyesho Iringa mjini, ya shule zote za jimbo letu. Kila shule inapeleka watoto wawili na kitu walichokichunguza wenyewe kwa macho yao, si kitu cha kunakili ubaoni. Mwalimu Eliezeri amenichagua mimi na Fanueli. Fanueli anafuga viluwiluwi ndani ya chupa ili aonyeshe wanavyokuwa vyura. Wanakufa kila siku naye anaenda mtoni kuleta wengine, halafu anasema ni wale wale.

Mimi nina makopo mawili. Udongo ni mmoja, maji ni sawasawa, na funza wa kwenye udongo nimewatia mwenyewe kote kote. Kopo moja nimepanda mahindi yetu ya nyumbani. La pili nimepanda mahindi mekundu aliyoyaleta Bwana Shamba, yamepakwa dawa kama unga mwekundu ili wadudu wasiyale. Baba, hayo mekundu yameota yote. Yetu yameota machache na yamejikunja. Nilisikitika kidogo kwa ajili ya yetu.

Mbegu nyekundu zilizobaki zimo kwenye mfuko wa kitambaa. Paa la shule linavuja na panya ni wengi, kwa hiyo Mwalimu ameniambia nikaziweke nyumbani. Alisema ninawe mikono kila nikizishika, na kwamba hizi haziliwi. Nikamwambia Bibi hivyo hivyo. Bibi akacheka, akasema, "Mbegu hailiwi, nani asiyejua? Mama yangu aliniambia hayo kila mwaka, na kila mwaka wa njaa tulizishusha, tukaziosha majivu, tukazila." Akautundika mfuko darini juu ya moto pamoja na mbegu zetu. Nadhani Mwalimu alisema vile kwa sababu mwaka jana wavulana wa darasa la tatu walikaanga maharagwe ya shule kabla hayajapandwa.

Jailos ameniuliza kama mahindi mekundu hutoa ugali mwekundu. Nikamwambia ndiyo. Sasa kila akiamka anatazama darini.

Nikishinda, Mwalimu ataniandikia barua nikasome darasa la tano. Baba mkubwa Filemoni anasema msichana akishajua kusoma Biblia inatosha. Mimi sijamjibu maana ni mzee wa kanisa. Lakini wewe ni ndugu yake, mwambie neno. Na uje Iringa.

Mwanao,
Tupokigwe


Mashamba ya Chai, Mufindi
21 Februari 1954

Kwa Mheshimiwa Tupokigwe, Bibi Mkubwa wa Makopo Mawili,

Nimepokea amri yako ya kuja Iringa nami nimesimama wima kama jeshini. Barua yako ilinikuta kwenye mizani, nikapima kapu la chai huku nikisoma, na mwenye kapu akasema leo majani yake yamekuwa mepesi ghafla. Nilimsomea Marcelino, yule Mhehe wa Kilolo ninayekaa naye chumba kimoja. Anasema watoto wa kwao ndio watakaoshinda. Nimemwambia mtoto wa Yotamu hashindwi na mtoto wa mtu anayekoroma vile.

Ruhusa nimeomba, na nyapara amekubali ila kwa masharti: nikiichukua sasa, hakuna nyingine mpaka kipande cha mkataba wangu kiishe mwezi wa kumi. Basi nitaichukua. Kumwona mwanangu mbele ya Wazungu na makopo yake hakutokei mara mbili. Kaka Filemoni nitamwandikia. Atakuja kuona haya siku utakaposimama kumfundisha mjukuu wake.

Sasa mwambie Bibi yako kwamba njaa hafichwi mtu aliyezaliwa nayo. Nitatuma gunia barabara ikikauka, maana kwa sasa malori yamezama kwenye tope huko Makambako mpaka milangoni. Asikae na njaa huku darini kumejaa. Azishushe mbegu, azioshe, apike. Mbegu nitanunua nyingine. Mbegu humfaa aliye hai.

Na hizo nyekundu za mwalimu wako zisimtishe. Mimi nimekula mengi vitani Burma, hata nyoka, na sijapata kuona punje iliyovaa nguo nyekundu ikakataa kuingia chunguni. Ivue nguo kwa maji, utaona ni mahindi tu. Walimu wote husema mbegu hailiwi. Hiyo ndiyo kazi yao.

Mbebe Jailos mgongoni kwa ajili yangu, umzungushe nyumba nzima.

Baba yako,
Yotamu


Juu ya Mbalizi
14 Machi 1954

Baba mpendwa,

Barua yako nilimsomea Bibi, akasema nirudie pale pa punje iliyovaa nguo nyekundu. Nikarudia. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Akasema tangu ukiwa mdogo mdomo wako haukujua kulala. Jailos ameyashika maneno yale kwa moyo, anayaimba akizunguka mafiga, "ivue nguo, ivue nguo, ni mahindi tu."

Mbegu zetu tumeanza kuzila. Bibi anaziosha mara nyingi kwa sababu ya majivu na masizi, halafu anachemsha. Zina harufu ya moshi lakini tumeshazoea. Nyekundu bado zipo. Bibi anasema zingoje zamu yao, nguo nyekundu ni ya sikukuu.

Lori la misheni litatuchukua Alhamisi ya tarehe 25. Mahindi yangu mekundu yamenipita magoti. Yetu mawili yamekufa, yamebaki matatu. Nimejifunza kuyaeleza kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ila Kiingereza changu kinaishia pale pa funza.

Jailos analia anataka kuja. Nimemwambia nitamletea kitu.

Mwanao,
Tupokigwe


Mufindi
29 Machi 1954

Kwa Mama yangu Sekela, kwa mdomo wa Tupokigwe,

Mama, shikamoo. Kama msomaji wako ataanza kupunguza sauti, mwambie asome vizuri, maana anasifiwa yeye.

Nilifika Iringa Jumamosi asubuhi nikiwa juu ya lori la magogo. Uwanja karibu na Boma ulikuwa umejaa mahema na meza. Mtoto mmoja wa Rujewa alijenga mfereji wa kumwagilia mpunga, ukapasuka, maji yakamwingia mama wa Kizungu viatuni. Msichana wa Kilolo, Juliana, alikuwa na chungu cha kuchuja maji kwa mchanga na makaa, akayanywa mwenyewe mbele ya watu. Marcelino angalijua angalijigamba mwaka mzima. Viluwiluwi vya Fanueli vilimtoroka njiani, akasimama na chupa tupu akieleza habari za vyura, na watu wakampigia makofi kwa ujasiri.

Halafu nikamwona huyu wetu. Kasimama katikati ya makopo yake mawili kama askari wa zamu. Bwana Shamba akamuuliza, "Kwa nini haya yamekufa?" Akajibu, "Kwa sababu hayana mtu wa kuyalinda." Mama, nilitazama pembeni maana machozi hayafai kwa mtu aliyepigana vita.

Kashinda. Wa kwanza kwa shule zote za jimbo. Kapewa jembe jipya na mfuko mkubwa wa zile mbegu nyekundu, ziwe za kijiji kizima. Tulikula maandazi tukacheka mpaka jua likakaribia kuzama. Sijapata siku kama ile tangu mama yake alipofariki.

Nimempa shati la Jailos, la bluu, lina vifungo vinne. Akiling'oa kifungo hata kimoja kabla sijarudi, nitajua.

Gunia linakuja. Vumilia kidogo.

Mwanao,
Yotamu


Mbalizi
1 Aprili 1954

Ndugu yangu Yotamu,

Amani ya Bwana iwe nawe. Keti chini kabla ya kusoma.

Mwanao Jailos amefariki. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Alikula chakula cha mchana na bibi yake, wawili peke yao, maana Tupokigwe alikuwa huko Iringa nawe. Baadaye akaanza kutetemeka, akakakamaa, akatoka povu. Walipokuja kuniita alikuwa amekwisha kata roho. Tulimzika Jumapili baada ya ibada. Tusingeweza kuwangoja.

Sasa nakuandikia jambo zito, nami naliandika kama mzee wa kanisa na kama mtoto wa baba yako. Chakula kilikuwa kimoja na chungu kimoja. Mtoto amekufa, mama yako ni mzima, hata tumbo halikumuuma. Kuku wawili wamekutwa wamekufa mlangoni pake saa ile ile. Watu wanakumbuka kwamba marehemu mkeo naye alifia mikononi mwake. Mimi uchawi siuhubiri wala siuamini, lakini siwezi kuziba midomo ya watu. Akienda kuchota maji, wanawake wanachukua ndoo zao wanaondoka.

Mama Sekela hakunizaa mimi, lakini nimemheshimu siku zote. Kwa usalama wake mwenyewe naona afadhali aende Rujewa kwa kaka yake. Tupokigwe atahamia kwangu. Mke wangu amechoka na anahitaji msaada wa nyumbani, na shule kwa sasa iishe.

Wewe ndiye mwenye mama. Nangoja neno lako.

Nduguyo katika Kristo,
Filemoni


Mufindi
9 Aprili 1954

Tupokigwe,

Nimepata barua ya baba yako mkubwa. Nimeisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Nimekwenda kwa nyapara kuomba ruhusa, akanionyesha kipande. Nilisema nitatoroka. Marcelino ndiye aliyenishika, akasema nikifungwa hakuna atakayewalisha.

Sina utani leo.

Nyumba ile mwenye kusoma ni wewe. Niambie ulichokikuta. Jailos alikula nini? Bibi alikula nini? Aliugua kabla? Nani alikuwepo? Usinifiche kwa sababu mimi ni baba yako au kwa sababu yeye ni bibi yako. Watu wanasema neno juu ya mama yangu ambalo siwezi kuliandika, nami niko mbali, na mtu aliye mbali huanza kuamini.

Baba yako,
Yotamu


Juu ya Mbalizi
18 Aprili 1954

Baba,

Pole. Mimi ninakupa pole, na wewe unipe.

Tulifika Jumatatu. Fanueli alikuwa anaimba kwenye lori. Nilipomwona Mwalimu amesimama barabarani bila kofia nilijua kuna kitu. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi.

Sikuona chochote, sikuwepo. Bibi anasema ilikuwa degedege. Watoto wengi hupata degedege. Kuku nao hufa, wakati wa mvua hufa sana.

Shati la bluu Bibi analiweka chini ya kichwa akilala. Haongei mbele za watu. Kwa jirani hatuendi kuomba moto tena, tunaulinda wetu usizimike.

Jembe nimefika nalo. Zile mbegu za zawadi sikufika nazo kijijini, baba mkubwa asije akakuuliza. Kopo la mahindi mekundu lipo nyuma ya jiko.

Baba, usiniulize tena hayo maswali.

Tupokigwe


Mufindi
27 Aprili 1954

Tupokigwe,

Umenikataza kuuliza, na hilo ndilo lililonijibu. Mtoto asiyekuwa na la kuficha hasemi usiniulize.

Nimemkumbuka mama yako siku alipofariki. Nilikuwa mbali vile vile. Walisema ni uzazi, nikakubali. Sasa Jailos. Chungu kimoja, kinywa kimoja kimepona. Mama yangu amenibeba, amenilea, alinipikia uji akiwa yeye hajala. Ninayajua hayo yote, na bado moyo umekataa kukaa upande wake. Ninajichukia ninapoandika.

Nimemwandikia kaka Filemoni afanye anavyoona. Bibi aende Rujewa kabla mwezi wa tano haujaisha. Wewe uende kwa Filemoni, umtii mkewe. Shule tutaitazama nikirudi.

Usimsomee Bibi barua hii. Mwambie tu kwamba kaka yake ameomba aende.

Baba yako,
Yotamu


Juu ya Mbalizi
5 Mei 1954

Baba,

Barua yako sikumsomea, lakini baba mkubwa alikuja akamwambia mwenyewe. Bibi hakubisha. Alisema, "Ikiwa Yotamu amesema." Amefunga vitu vyake kwenye nguo: sahani, kitabu cha nyimbo, shati la Jailos. Basi la Rujewa atapanda Jumatatu ya tarehe 17.

Jana ameniuliza kama mtu anaweza kuwa mchawi bila kujijua. Akasema labda kitu kimo ndani yake tangu kuzaliwa, kinakula watu wake naye hana habari, na kama ni hivyo nisilale tena karibu naye. Akahamishia mkeka wake mlangoni.

Kwa hiyo nakuambia. Nilijua tangu siku ile ile niliyorudi.

Ungo wa kuoshea ulikuwa na doa jekundu kwenye nyuzi. Pale nje anapomwaga maji udongo ulikuwa na rangi, na kuku walifia hapo hapo. Nilitazama darini, mfuko haukuwepo. Nikamuuliza Bibi alipika nini Jumamosi. Akasema mbegu zetu ziliisha Ijumaa, basi akashusha zile nyekundu, akaziosha mpaka maji yakawa meupe kabisa, akachemsha. Jailos alifurahi sana, alikuwa akiimba. Hazikuwa nyingi, zilijaa bakuli moja. Bibi akampa zote. Alimwambia yeye ameshashiba, lakini alikuwa hajala kitu. Ndiyo maana yeye ni mzima, Baba. Hakuna sababu nyingine.

Bibi hajui. Hakuna aliyemwambia kwamba ile dawa haitoki kwa maji. Nilikwenda kwa Mwalimu nikamuuliza kama mtu akizila. Akanitazama, akauliza, "Nani amekula?" Nikasema hakuna. Akasema dawa ile inaingia mpaka ndani ya punje. Hakuwa ametuambia hivyo. Alisema tu haziliwi, na haziliwi tulikuwa tumeisikia kila mwaka. Mfuko wa zawadi ulikuwa umebaki shuleni, niliutupa wote kwenye choo cha shule. Mwalimu aliniona akanyamaza, naye tangu siku ile amekonda.

Nilinyamaza kwa sababu kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeleta mbegu. Mimi ndiye niliyemwambia Bibi kwamba zikioshwa zinalika. Yeye hakutaka, nikamwambia ni mahindi tu. Mwambie baba mkubwa ni mimi. Kama kuna wa kuondoka niondoke mimi.

Fanya haraka, Baba. Basi ni tarehe 17.

Tupokigwe


Mufindi
11 Mei 1954

Kwa kaka Filemoni,

Barua hii analeta Marcelino mwenyewe, ameacha kazi yake ili ifike kabla ya basi. Mpe chakula. Iite familia na wazee wa kanisa, na mama yangu awepo, kisha uisome yote bila kuruka neno.

Mama yangu Sekela si mchawi. Mwanangu Jailos alikufa kwa sumu iliyokuwa kwenye mbegu za maonyesho ya shule. Mama alizipika kwa njaa, akampa mtoto chakula chote akabaki na njaa yake. Mnayoyaita ushahidi wa uchawi ndiyo mapenzi yake. Kuku walikunywa maji aliyooshea.

Tupokigwe ameniandikia kwamba yeye ndiye aliyemwambia mbegu zile zinalika. Anasema uongo ili kunificha mimi. Mimi ndiye niliyesema. Niliandika kwamba sijapata kuona punje iliyovaa nguo nyekundu ikakataa kuingia chunguni, ivue nguo kwa maji, utaona ni mahindi tu. Maneno hayo ni yangu. Niliyaandika nikicheka, kwa sababu niko mbali na nilitaka wacheke. Mtoto aliyasoma tu. Mama yangu alimtii mwanawe.

Mwalimu wake alikuwa amesema haziliwi, na mtoto aliniandikia hivyo, nami nikamfanyia mwalimu mzaha.

Mama hatakwenda Rujewa. Tupokigwe haendi kwako, anabaki kwa bibi yake na anabaki shuleni. Mwenye neno aniletee mimi.

Yotamu


Juu ya Mbalizi
22 Agosti 1954

Baba mpendwa,

Magunia mawili ya mahindi yamefika salama, la mwezi wa sita na la mwezi huu. Nimetafuta ndani mpaka chini, hakuna barua. Basi naandika mimi.

Sijui kama Marcelino alikueleza yote. Alifika Jumapili ya tarehe 16, miguu imejaa matope, na baba mkubwa akasoma barua yako baada ya ibada. Bibi alikaa mbele na mzigo wake umefungwa. Baba mkubwa anasoma polepole, kila kitu kwa sauti ya Zaburi. Alipofika pale pa punje iliyovaa nguo nyekundu, mtu mmoja nyuma alicheka kabla hajakumbuka.

Ilipokwisha Bibi akauliza, "Kwa hiyo si mimi?"

Baba mkubwa akasema, "Si wewe, mama. Utusamehe."

Bibi akasema, "Lakini ni mimi niliyempikia." Akachukua mzigo wake akarudi nyumbani.

Wanawake wanachota maji naye sasa. Wanamtwika ndoo hata asipotaka. Yeye anawaitikia tu. Mlangoni amehama, amerudi kulala karibu na mimi. Mwalimu Eliezeri ameomba mwenyewe kuhamishwa, ameondoka mwezi wa saba. Kabla hajaondoka aliandika ile barua yangu ya darasa la tano, nami nimekubaliwa. Sijaifurahia bado, ila nitakwenda.

Sasa nikueleze habari ya kopo. Mahindi yale mekundu niliyahamishia ardhini nyuma ya jiko, nikaogopa kuyang'oa. Yalirefuka kupita paa, yakazaa mahindi manene kuliko ya shamba lolote hapa. Mwalimu alisema mahindi hayo mapya hayana neno, dawa ilikwisha udongoni. Hakuna aliyeyagusa hata hivyo. Watoto wanapita mbali.

Jumamosi iliyopita nilitoka mtoni nikamkuta Bibi amewasha moto nje, mchana kweupe, watu wote wanaona. Alikuwa anachoma hindi moja la nyuma ya jiko. Nikamwambia, "Bibi, acha." Hakuniangalia. Lilipoiva alilila lote, punje kwa punje, mpaka likabaki gunzi tupu. Nilipomkaribia alinisukuma kwa mkono, hakunipa hata punje moja. Akanawa. Akavaa gauni lake la kanisani, akalala kwenye mkeka na lile shati la bluu kifuani, akafumba macho. Nikakaa naye. Nilishika mguu wake mpaka nikasinzia.

Kulipokucha nikamkuta ameamka. Alikuwa anatazama darini, pale ulipokuwa mfuko.

Akasema, "Kumbe haya yalikuwa mahindi tu."

Halafu akalia. Tangu Jailos afariki sikuwa nimemwona akilia, na alilia mpaka jua likawa kali, nami sikumnyamazisha.

Barua zako hataki tena nimsomee. Kila gunia likifika ananiuliza kama kuna barua, nami nikisema hakuna anasema vizuri. Lakini akimaliza kusema hivyo anasubiri kidogo kabla ya kugeuka. Kwa hiyo andika, Baba. Sitamsomea. Nitamwambia tu kwamba u hai.

Mwanao,
Tupokigwe